Maua ya njano yaliyoniharibia shamba la maharage

Mwaka wa kwanza kulima maharage chini ya Mlima Meru, ukingoni mwa shamba palikuwa na mimea mitatu ya miiba yenye maua ya njano. Mke wangu akayapenda, nikaiacha. Mbuzi wenyewe waliipita bila kuigusa, na hapo ndipo ningeshtuka.

Msimu uliofuata ikawa imeingia hadi mistari ya katikati. Siku ya kung'oa maharage vibarua walichomwa mikono vibaya. Wawili wakaondoka saa nne asubuhi, waliobaki wakadai nyongeza. Niliwapa, ningefanyaje?

Kitaalamu ni Argemone mexicana, asili yake Mexico. Ni ndugu wa mpopi, ule wa afyuni, ila usianze kuwaza biashara: huu hauna afyuni, una sumu. Utautambua kwa majani yenye mishipa myeupe na miiba, na ukikata shina hutoka utomvu wa njano.

Siku hizi nauwahi kwenye palizi ya kwanza, kabla haujachanua, udongo ukiwa na unyevu ili mzizi utoke mzima. Vaa glovu nene. Ukikuta umeshazaa, usiutupe pembeni kama magugu mengine. Tunda moja lina mamia ya mbegu, likikauka hupasuka juu, na mbegu hukaa ardhini miaka kadhaa zikisubiri. Mimi nakata matunda yangali mabichi, natia kwenye kiroba, nafukia shimo refu.

Mbegu ndizo zinazonitisha kuliko miiba. Ni nyeusi, za mviringo, ukiziweka kando ya haradali utababaika. Mwaka 1998 huko Delhi, India, mafuta ya haradali yaliyochanganyika na mafuta ya mbegu hizi yaliua watu zaidi ya 60. Sumu yake hufanya mishipa midogo ya damu ivujishe maji, miguu ikavimba, moyo ukashindwa kazi. Kwenye maharage chekecheke inatosha, kwani mbegu hizi ni ndogo mno. Anayelima haradali ndiye wa kukaa chonjo: azimwage kwenye sinia juani, azitazame kwa karibu. Ya haradali ni laini, hii ina vishimo vidogo kama wavu.

Na mbegu za kupandia, hata akiniuzia jirani ninayemwamini, nachekecha mbele yake kabla sijatoa pesa. Alinuna mara ya kwanza tu.