Uliza Fundi: Gari Linachemka Likifika Mtwapa

Barua nyingi za safari hii zinahusu magari madogo yaliyokwisha kutimiza miaka 18 au 20. Bei zote ni za kukadiria kwa shilingi za Kenya, na hubadilika kutoka duka hadi duka. Ziwe kipimo tu, usije ukatajiwa mara mbili yake ukanyamaza.

Assalam alaikum. Nina Toyota NZE ya 2004, injini ya 1NZ. Humu Malindi halina tabu. Nikienda Mombasa nikakwama foleni ya Mtwapa, mshale wa joto wapanda. Njia ikifunguka washuka. Fundi alitoa thamostati, ile valvu inayozuia maji mpaka injini ipate joto, akasema joto la pwani haliitaki. Halikupona. Sasa ataka 35,000 abadilishe hedi gasketi, ile ya kuziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloki. Nimpe?
*Msomaji, Barani*

Wa alaikum salaam, ndugu yetu. Usimpe bado. Jibu limo ndani ya barua yako: gari likisimama linachemka, likienda linapoa. Likienda, upepo wa barabarani ndio unaopoza rejeta, yaani lile fremu la mirija linalopozea maji ya injini. Likisimama, kazi yote inabaki kwa feni. Hedi gasketi iliyokufa haingoji foleni. Kwa kawaida huchemsha zaidi gari likiwa mbioni au likipanda mlima, injini ikiwa imebeba mzigo.

Kwa hiyo anza na feni. Washa injini, washa eisi (kiyoyozi), fungua boneti. Feni inatakiwa izunguke papo hapo na kwa nguvu. Isipozunguka, tazama fyuzi, kisha rilei (swichi ya umeme ya feni), kisha plagi ya waya pale kwenye mota. Chumvi ya hewa yetu hugeuza pini zake kuwa kijani. Ukipeleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye mota na bado ikalala, mota imekwisha. Ikizunguka kwa uvivu, brashi za ndani zimelika. Hiyo ndiyo hali inayodanganya wengi, maana mtu huona panga zinazunguka akaridhika. Mota ya eks-Japani ni kati ya 3,000 na 5,000.

Feni ikiwa nzima, angalia mapezi ya rejeta, yaani zile bati nyembamba za katikati ya mirija. Pitisha kidole taratibu. Kwenye gari lililokaa pwani miaka mingi, mapezi ya chini huwa yamegeuka unga mweupe na humomonyoka mkononi kama biskuti kavu. Mirija bado inashika maji, haivuji hata tone, lakini hakuna tena kitu cha kuyanyang'anya maji joto lake. Rejeta ya namna hiyo haisafishwi, inabadilishwa: mpya isiyo ya kampuni ni 7,000 hadi 12,000, na ufundi kama 1,500. Ukiona mapezi ni mazima ila yamejaa mchanga na wadudu, osha kwa maji ya bomba yasiyo na kasi, ukianzia upande wa injini kwenda nje. Usisahau nafasi iliyo kati ya rejeta na kondensa ya eisi, ile inayofanana na rejeta na kukaa mbele yake. Uchafu hukaa humo na mbele huuoni.

Jambo la tatu ni kifuniko cha rejeta, nacho watu hukidharau kwa kuwa ni kidogo. Kazi yake ni kushikilia mgandamizo. Kikiwa cha namba 1.1, maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 120 hivi. Mpira wake ukichoka, yanachemka kwenye 100 kama ya chai. Soma namba iliyopigwa juu yake na ununue ya namba hiyo hiyo. Bei yake haizidi 1,000. Ila usikifungue injini ikiwa moto, hata kwa kitambaa. Ngoja mpaka uweze kushika mpira wa juu wa rejeta kwa kiganja bila kuondoa mkono.

Thamostati irudishwe. Joto la Malindi ni nyuzi 30 na kitu, na injini imeundwa ifanye kazi kwenye 80 hadi 95. Jua letu si neno kwake. Bila thamostati injini inakaa baridi mno barabarani, kompyuta inamwaga petroli zaidi, na oili haipati joto la kutosha kukausha unyevu ulio ndani yake. Ukinunua mpya (1,000 hadi 2,500), ijaribu kwanza: itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, uweke motoni. Ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Ikibaki imefunga maji yakiwa yanatokota, irudishe dukani. Wakati wa kuifunga, kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza kielekee juu ili hewa itoke.

Na sasa maji. Visima vingi vya Malindi vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na maji yake yana chokaa, mengine yana chumvi. Yaliyoacha ukoko ndani ya birika lako ndiyo hayo hayo unayoyatia kwenye rejeta, nayo huacha ukoko ule ule kwenye mirija. Mfumo wa gari lako unachukua karibu lita 5. Tia kulanti (dawa ya maji ya rejeta) na maji ya betri yasiyo na asidi, nusu kwa nusu, au ununue kulanti iliyokwisha kuchanganywa. Kisha acha injini ingurume mpaka feni iwake na kuzima mara mbili, huku ukiongeza, ili hewa iishe.

Yote hayo yakishafanywa na bado linachemka, hapo tena ndipo pa kuitazama gasketi. Vipo vya kupima. Asubuhi injini ikiwa baridi, fungua rejeta, washa, utazame mdomoni. Mapovu yanayopanda mfululizo bila kukoma ni moshi wa silinda unaopenya ndani ya maji. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa, au plagi moja ya cheche iliyong'aa safi kuliko wenzake, ni ushahidi mwingine. Pia ipo dawa ya buluu inayowekwa kwenye chombo juu ya mdomo wa rejeta. Ikigeuka manjano, gesi imo. Mwombe fundi akuonyeshe kimojawapo kabla hujatoa hata shilingi.

Ikithibitika, hesabu yenyewe ni hii: gasketi 2,000 hadi 4,000, kusawazisha hedi kwenye mashine 2,500 hadi 4,000, oili na chujio 3,500, kulanti 1,500, ufundi 6,000 hadi 10,000. Hapo hata 25,000 hufiki. Hedi ipimwe kwa rula ya chuma na filagaji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya): kwa 1NZ ikipinda zaidi ya milimita 0.05 ni lazima isawazishwe. Boliti 10 zikazwe kuanzia za katikati kwenda pembeni, kwa spana ya kupimia nguvu, kisha kila moja iongezwe robo mzunguko, halafu robo nyingine. Fundi anayekaza kwa kukisia mkono atakurudisha kwake baada ya miezi michache.

Nissan Sunny B15 linazima ghafla likishapata moto, hasa mchana. Nikingoja dakika 20 linawaka kama halikuwa na kitu. Nimeshabadilisha plagi, chujio la petroli na betri.
*Dereva, Mambrui*

Umetumia pesa upande usio na ugonjwa. Injini hii ya QG ina sensa mbili zinazoiambia kompyuta shafti zimefika wapi: ya kamshafti (shafti inayofungua valvu), iliyo nyuma ya hedi, na ya krankshafti (shafti inayozungushwa na pistoni), chini karibu na giaboksi. Zikizeeka, joto huzikata ndani kwa ndani na baridi huziunganisha tena. Ndiyo maana unangoja dakika 20. Mwenye mashine ya kusoma kompyuta ataona namba ya kosa P0340 kwa ya juu, P0335 kwa ya chini.

Kama huna mashine karibu, ngoja lizime, kisha papo hapo, kabla halijapoa, chomoa koili moja (inayoipa plagi umeme), tia plagi ya akiba, igusishe kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Hakuna cheche: shuku sensa. Cheche ipo: sikiliza pampu ya petroli ndani ya tangi pindi ufunguo unapowashwa. Inatakiwa ivume kidogo kisha inyamaze.

Badilisha sensa zote mbili pamoja, kwa kuwa umri wao ni mmoja, na usinunue za bei ya chini kabisa. Hizo hufa baada ya wiki chache nawe ukaanza kulaumu kitu kingine. Za kampuni, au za eks-Japani zilizopimwa, ni 2,500 hadi 5,000 kila moja.

Shikamooni. Nafundisha Lamu mjini, gari langu hulala Mokowe, ng'ambo ya bara, wiki mbili hadi tatu. Kila nikivuka nakuta betri imekufa, na siku moja magurudumu ya nyuma yaligoma kuzunguka. Nifanyeje?
*Mwalimu, Langoni*

Marahaba, Mwalimu. Magurudumu yaligoma kwa sababu ya hendibreki. Ukiivuta ukaondoka, viatu vya breki hukaa vimebana dramu wiki nzima kwenye hewa ya chumvi, kutu ikavigandisha. Egesha mahali tambarare, weka gia kwenye P (au ya kwanza kama ni ya mkono), kinga magurudumu kwa mawe mbele na nyuma, hendibreki uiache chini. Yakiwa yameshaganda, usiling'oe gari kwa nguvu ya injini, utabandua ngozi za viatu. Inua nyuma kwa jeki, toa gurudumu, gonga dramu kwa nyundo kuzunguka ukingo. Viatu vipya ni 1,500 hadi 3,000 kwa pande zote mbili.

Kuhusu betri, legeza nati ya waya wa hasi (spana namba 10), uutoe kabisa kwenye kichwa cha betri. Redio itasahau stesheni zako. Kabla ya hapo pima: betri iliyojaa husoma volti 12.6, nusu ni 12.2, na ikiachwa chini ya 12 kwa wiki kadhaa sahani zake huota chumvi ya risasi na haijai tena. Injini ikinguruma isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikipungua, kasoro ni ya alteneta (inayochaji betri) au mkanda wake, na betri mpya ya 9,000 nayo itakufa vile vile.

Upo waya mwingine wa kutazama: ule mnene unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi na giaboksi. Ufungue, ukwangue kwa msasa mpaka chuma king'ae pande zote mbili, funga, upake grisi juu. Stata nyingi huhukumiwa kufa pwani hii kumbe ni waya huo.

Bodi nayo haitaki kusahauliwa. Ukirudi, mwagia maji yasiyo na chumvi chini ya gari na ndani ya matao ya magurudumu. Mbele, nyuma ya gurudumu, kwenye kona ya fenda, mchanga hujikusanya ukashika unyevu, na kutu huanzia ndani pale. Siku rangi inapofura kwa nje, bati limeshatoboka. Chini ya kila mlango pana vitundu vidogo vya kutoa maji. Vizibue kwa kijiti cha ufagio.

NZE yangu inatoa moshi wa buluu. Ninunue injini ya eks-Japani?
*Msomaji, Gongoni*

Moshi unatoka lini? Ukitoka asubuhi tu, unapowasha, kisha ukapotea, ni sili za valvu (raba za kuzuia oili): zote 16 na ufundi ni kama 6,000 hadi 10,000. Ukitoka kila unapokanyaga mafuta, ni ringi za pistoni. Kabla ya yote chomoa valvu ya PCV (ya kupitishia mvuke wa ndani ya injini) juu ya hedi na uitikise; isipolia imeziba, na hiyo peke yake hutosha kuifanya injini inywe oili.

Injini nyingine ikibidi, ni 50,000 na zaidi, na namba yake lazima ibadilishwe kwenye kumbukumbu za gari kule NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Usilipe kabla haijawashwa mbele yako na kupimwa kompresheni (mgandamizo wa hewa) silinda zote 4. Namba ziwe karibu sawa. Moja ikiwa chini sana ya wenzake, iache hapo hapo dukani.