Maswali yenu: ndoo, mkaa na macho mekundu ya bibi

Huyo Paula Rego uliyemtaja juzi ni nani hasa? (Kirumba)

Mchoraji Mreno, kazaliwa Lisbon 1935, kafariki London 2022. Mwaka 1998 kwao walipiga kura ya maoni kuhusu utoaji mimba, waliojitokeza hawakufika hata theluthi ya wapiga kura, sheria ya kukataza ikabaki ileile, yaani wanawake waendelee kujificha. Alikasirika yule mama! Akajifungia akachora picha za pasteli, yaani chaki za rangi, mwanamke mmoja mmoja, kuna aliye kitandani, kuna aliyechuchumaa kwenye ndoo, na mwingine kavaa kama sare ya shule. 2007 walipopiga tena, ruhusa ikapita, na picha zake zilishatoka mpaka magazetini.

Mbona hazina damu? Kama ni ukweli si auonyeshe wote.

Hapo ndo ujanja wenyewe. Ukiweka damu mtu anasema Mungu wangu, anafumba macho, anapita zake. Yeye kaweka ngumi imekamata shuka, mguu umekakamaa, halafu uso, na kuna anayekukazia macho wewe moja kwa moja wala haombi huruma, mpaka wewe mtazamaji ndo unaanza kuona aibu. Na ukeketaji pia alikuja kuuchora, ukiwa huku kanda ya ziwa huwezi kusema hayakuhusu, sheria yetu imekataza kukeketa wasichana chini ya miaka 18 tangu hiyohiyo 1998 na bado Desemba ikifika kule Tarime mabinti wanakimbilia nyumba salama.

Wanasiasa aliwaogopa?

Wapi! 1960 Salazar, dikteta wa Ureno, yuko madarakani, akamchora anatapika nchi. Ila ile haieleweki haraka, mimi mwenyewe nilihangaika kutafuta kichwa kiko wapi.

Pasteli ni ghali, nifanyeje?

Tumia mkaa. Mwanza utakosa maji bombani ila mkaa hukosi. Usiipulize tu kazi yako.

Nataka kumchora bibi, ana macho mekundu, mama kagoma kabisa. (Misungwi)

Mama ako hajakosea kuogopa. Usukumani huku vikongwe wameuawa kwa macho hayohayo, eti wachawi, wakati ni moshi, mtu kapuliza mafiga ya kuni na kinyesi cha ng'ombe tangu usichana wake, unategemea macho yawe meupe? Mimi ningemchora. Ila muulize bibi mwenyewe, sio mama, na akikubali, jina lake na kijiji usiandike popote. Kaa naye hapo jikoni siku kadhaa bila haraka, Rego alimchora miaka na miaka Lila Nunes, mwanamke aliyekuja kwanza kumuuguza mume wa Rego, walishazoeana ndo maana miili ile haina maigizo. Wekundu usiupunguze hata kidogo, na moshi uweke, na mafiga. Kitenge cha kuvaa mwache achague yeye.