Mtu Anayeitwa "Pliable" Amesifiwa au Amelaumiwa?

SWALI: Mhariri mpendwa, nilisoma makala ya Kiingereza iliyomwita kiongozi mmoja "pliable". Kamusi yangu inatoa maana ya "-nyumbufu", nami nikadhani amesifiwa, lakini aya zilizofuata zilimlaumu. Naomba ufafanuzi.

JIBU: Ndugu msomaji, kamusi yako imekupa nusu ya maana. Neno hili lilitoka katika kitenzi cha Kifaransa "plier", yaani kukunja au kupinda, ambacho nacho chimbuko lake ni "plicare" ya Kilatini. Kwa msingi huo, kitu kilicho "pliable" hukunjika kwa urahisi bila kukatika na aghalabu hubaki katika umbo ulilokipa, kama ufanyavyo waya mwembamba wa shaba. Hapo neno halina sifa wala lawama.

Mambo hubadilika linapohamishiwa kwa binadamu, kwa kuwa palipo na kukunjika pana mkono wa mkunjaji. Mtu aliye "flexible" hubadili mpango wake mwenyewe kulingana na hali, na uamuzi hubaki kuwa wake. Aliye "pliable" hubadilishwa na wengine, mara nyingi kwa faida yao. Ndiyo maana saa za kazi zinazoweza kubadilishwa huitwa "flexible", wala hutasikia zikiitwa "pliable". Mwandishi uliyemsoma alimaanisha kwamba kiongozi huyo ni bendera fuata upepo, na mfasiri ambaye angeandika "kiongozi mnyumbufu" angeigeuza shutuma kuwa pongezi, jambo ambalo kwangu ni kosa zito kuliko kuliacha neno bila tafsiri.

Hata hivyo, neno hili halimshushi mtu kila mara. Likitumika kuhusu akili ya mtoto, hubeba wazo lilelile la methali yetu, "Samaki mkunje angali mbichi", na tafsiri yake yaweza kuwa "inayofundishika". "Pliant" hutumika karibu vivyo hivyo, ilhali "supple" kwa kawaida ni sifa njema, hasa kwa ngozi na viungo vya mwili.

Kwa mtu mzima, mimi ningeandika "mwepesi wa kushawishika". "Asiye na msimamo" pia hufaa, ingawa ni kali zaidi, kwa hiyo ihifadhi kwa pale ambapo mwandishi mwenyewe amekusudia ukali huo.