Mikono Inatetemeka: Maswali Yenu na Majibu

Baba ana miaka 70. Akinyanyua kikombe, chai inamwagika kwenye kisahani. Ni Parkinson? (Msomaji, Tanga)

Kwa ulivyoeleza, sidhani. Mtetemeko wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaofanya miendo iwe mizito, kwa kawaida huanza upande mmoja, mkono ukiwa umetulia mapajani. Wa baba unakuja akiutumia mkono, na hiyo ndiyo sura ya tremo esenshali, yaani ugonjwa wa kutetemeka kiungo kinapotumika, ambao hushika mikono yote miwili. Mpe kalamu achore mstari unaojizungusha kama gamba la konokono, mkono usiegemee meza. Ukitoka na mawimbi, nenda na karatasi hiyo kliniki. Bebeni na dawa zake zote, maana salbutamoli ya pumu na valproeti ya kifafa nazo hutetemesha mikono. Tezi ya thairoidi ipimwe pia.

Kwani si uzee tu? (Msomaji, Morogoro)

Hapana, na kauli hiyo inaniuma, kwa sababu ndiyo inayowafanya wazee wetu wakose matibabu. Umri unachangia sana: kati ya waliovuka miaka 65, takriban 5 kwa kila 100 wana tremo esenshali. Lakini wazee wengi hawatetemeki, na wapo wanaoanza wakiwa na miaka ya ishirini. Hitilafu iko kwenye ubongo, hasa ubongo mdogo ulio kisogoni, unaoratibu miendo. Wagonjwa nao hawafanani. Mmoja ni mikono tu. Mwingine kichwa kinatikisika kama anayekataa jambo, sauti inatetemeka, au anayumba akitembea. Wataalamu wengi wameacha kuuita ugonjwa usio na madhara. Mtu anayekwepa harusi kwa aibu ya kumwaga mchuzi mbele za watu ana madhara tosha.

Babu akinywa bia anatulia. Tumwache anywe? (Msomaji, Nakuru)

Msimzoeze. Pombe kweli huwatuliza wengi kwa saa chache, kisha mtetemeko hurudi kwa nguvu.

Kuna dawa? (Msomaji, Mwanza)

Ya kuponya, hapana. Za kupunguza ni propranololi na primidoni, ingawa si kila mtu zinamfaa. Mwenye pumu asipewe propranololi. Zikishindwa, kuna upasuaji wa kuweka waya ubongoni. Nyumbani, kikombe chenye kifuniko na mrija kinasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Wanangu watarithi? (Msomaji, Mombasa)

Huenda. Mara nyingi hupita kwenye ukoo. Mtoto akianza kutetemeka, apimwe mapema.