Hilo jiwe si makaa ya mawe

Mangi, umeuliza kama jiwe jeusi uliloliokota shambani Marangu ni makaa ya mawe. Hapana, pole. Angalia kwenye picha yako, limejaa vitundu kama mkate wa kumimina: hiyo ni lava, Kilimanjaro ni volkano. Makaa ya mawe ya hapa nchini ni mimea ya kwenye vinamasi iliyofukiwa na matope, ikagandamizwa kwa zaidi ya miaka milioni 250, tangu enzi ambazo mlima wetu ulikuwa haujazaliwa. Ukiyashika ni mepesi, yanachafua vidole, na yanawaka.

Yako kusini huko: Kiwira, Mchuchuma kule Ludewa, na Ngaka wilayani Mbinga. Ngaka hawazami shimoni kama wana-Apolo wetu, wale wachimbaji wa tanzanite wa Mererani. Wanaondoa udongo wa juu kwa mitambo mpaka walifikie tabaka jeusi, wanachota, wanapakia malori. Wateja wakubwa hapa nchini ni viwanda vya saruji, kwa ajili ya tanuri. Kiwira ndiko walikuwa wanaingia chini ya ardhi, na hao nawavulia kofia.

Jiwe lako lipeleke kwenye msingi wa banda la mbuzi, litafaa.