Jibu: Spika mbili, mlio mmoja, mbona kuna sehemu sauti inafifia?

Ndugu, umeuliza kama nishati ya sauti inapotea pale inapofifia. Haipotei. Mawimbi yakikutana hayagongani kama mawe. Yanapitana, na pale yanapopishana vimo vyake vinajumlishwa. Kilele kikikuta kilele, sauti inapanda. Kilele kikikuta bonde, yanafutana. Yakishapitana, kila moja linaendelea na safari yake kama kawaida.

Chukua mlio wa mitetemo 340 kwa sekunde. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi moja lina urefu wa mita 1. Simama mahali ambapo spika moja iko mbali nawe kuliko ya pili kwa nusu mita: mawimbi yanakufikia yakiwa kinyume, sauti inashuka. Sogea kidogo, inarudi. Jaribu uwanjani, maana chumbani mwangwi wa kuta huziba pengo. Inasisimua kweli!

Sasa nishati: kilele kwa kilele, kimo kinakuwa mara 2, lakini nishati hapo ni mara 4. Ile iliyokosekana kwako imejazana kwa jirani yako.