Re: Nina 47 kwenye somo moja la masta, na lingine halina maksi

Habari dada. Kwa hiyo una 47, na somo la pili lina nafasi tupu. Hayo ni matatizo mawili tofauti.

Hiyo 47 umefeli. Kupita kwa arubaini ni kwa shahada ya kwanza. Masta katika vyuo vingi vya Nairobi, Chuo Kikuu cha Nairobi (UoN) kikiwemo, hupita kwa 50. Soma kanuni za kitivo chako kuhusu kurudia mtihani, maana alama ya marudio mara nyingi haiandikwi zaidi ya 50 hata ukipata 78.

Nafasi tupu usiiandikie barua kwa msajili kwanza, atakurudisha idarani tu. Anza na afisa wa mitihani wa idara. Mwombe aangalie karatasi ya maksi ya somo hilo: je, jina lako lipo, na safu zote mbili, ya majaribio na ya mtihani, zimejazwa? Kawaida ni ya majaribio iliyoachwa wazi, au namba ya usajili imekosewa tarakimu moja. Nenda na risiti ya usajili wa somo na nakala ya jaribio lililosahihishwa. Mhadhiri akisharekebisha kosa kwenye karatasi hiyo ya maksi, mwenyekiti wa idara lazima atie sahihi.

Na usiagize transkripti rasmi kabla ya hapo, utailipia mara mbili.